Kauri, Alumina na Zirkonia Kinywani mwa Dada Yangu

Dada yangu alipoteza meno mawili ya mbele, ya juu, karibu na Mpui, mvua za kwanza za mwaka ule zilipoigeuza barabara kuwa tope. Baiskeli ilizama gurudumu la mbele, yeye akaruka juu ya usukani, akaangukia jiwe. Alifika kwangu Sumbawanga mjini kesho yake, amejifunga kitenge mdomoni, juu ya lori la mahindi.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu nirudi kutoka Ulaya. Naomba nilieleze hili wazi, maana watu wa mji wetu hupenda kusahau: katika mkoa mzima hakukuwa na mtu mwingine mwenye diploma ya utengenezaji wa meno ya bandia. Sikupelekwa na serikali wala na misheni. Nilibeba tofali, nikauza mahindi mpakani Kasesya, nikasoma lugha ya kigeni peke yangu kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, nikaondoka. Nilisoma miaka mitatu na kufanya kazi mitano katika maabara ya watu wasiovumilia kosa la unene wa unywele. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua vyumba vya matibabu, nilirudi na masanduku manne ya vifaa, nikapanga nyumba karibu na soko, nikaandika ubao kwa mkono wangu: MENO YA KAURI. HATUTENGENEZI YA PLASTIKI.

Ubao huo niliupenda. Watu walisimama kuusoma.

Dada alifundisha darasa la kwanza Laela, na hakuwahi kutaka darasa jingine. Alikuwa na namna yake. Alisimama mbele ya watoto, akanyoosha kidole kwenye mdomo wake, akasema, "Semeni kama ninavyosema mimi." Fa, fe, fi, fo, fu. Watoto wengi waliingia shule wakiwa na Kifipa tu, na wale wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma walikuwa na Kisukuma tu. Kabla ya Pasaka wote walikuwa wakisoma Kiswahili. Mimi mwenyewe alinifundisha kusoma kabla sijaingia shule, kwa mkaa, juu ya mlango wa stoo ya baba.

Sasa akisema "fa", ilitoka hewa tupu.

Mwalimu mkuu wake, mtu mpole, alimwita ofisini. Dada alinisimulia maneno yake yote.

"Mwalimu, mtoto wa darasa la saba akisikia 'fa' yako, atajua ulitaka kusema nini. Wa darasa la kwanza atadhani ndivyo inavyosemwa."

"Nitapata meno. Mdogo wangu ni mtaalamu."

"Basi mwaka ujao darasa nakuachia. Lakini mwisho wa mwaka huo mkaguzi anakuja kuwasikiliza watoto. Akikuta mambo ni haya, mimi sitakuwa na la kusema. Utahamia darasa la juu, ufundishe kilimo."

Jambo lilikuwa hilo, halikuwa uzuri wa uso. Dada alikuwa mtu mzima, mjane, na watoto wake walikwisha kuolewa na kuoa. Alikuwa na lile darasa tu.

"Nitengenezee chochote," aliniambia, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wagonjwa. "Hata cha kuvua wakati wa kulala."

"Dada, wewe ni dada wa nani?"

"Wa fundi meno."

"Wa mtaalamu."

"Haya, wa mtaalamu. Asiye na meno ya kunipa."

Nilicheka, lakini yalinichoma. Nilikuwa nayo. Katika sanduku la nne, ndani ya pamba, nilikuwa na vipandikizi viwili. Kipandikizi ni kama skrubu ndogo inayofungwa ndani ya mfupa wa taya, ikakaa pale kama mzizi, kisha juu yake linavalishwa jino. Vyangu vilikuwa vya zirkonia, nyeupe, vipya kabisa wakati ule. Nilivinunua kwa mshahara wangu kule maabara. Nilikuwa pia na vijiti vya majaribio, vinene kama njiti ya kiberiti, vya aina tatu: kauri ya kawaida, ile jamaa ya kikombe cha chai, alumina, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha msumeno, na zirkonia.

Mtu mwingine angetia tu mdomoni mwa dada yake kile alichoambiwa na muuzaji. Mimi nilipima.

Kwanza nilipima nguvu. Nililaza kijiti juu ya matofali mawili, nikaning'iniza ndoo katikati yake kwa kamba, nikajaza mchanga kidogokidogo. Kauri ilikatika ndoo ikiwa haijafika robo. Alumina ilibeba ndoo iliyojaa na mawe juu yake, kisha ikakatika kwa mlio mmoja. Zirkonia ilibeba hayo yote, nikaongeza jiwe la kusagia la mke wangu, na kilichokatika kikawa kamba.

Lakini nguvu ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Jino halibebi ndoo mara moja. Linabeba uzito mdogo, mara nyingi, likiwa limelowa mate. Kauri zote zina nyufa ndogo sana zisizoonekana, na maji huzisaidia nyufa hizo kutembea. Kwa hiyo nilichukua cherehani ya mke wangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, nikatoa sindano, nikafunga kipande cha chuma butu mahali pake, na chini yake nikaweka bakuli la bati lenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu na kijiti ndani. Nikakanyaga. Kila mzunguko ulikuwa tafuno moja.

Mke wangu alisimama mlangoni na gauni la mteja lisilo na mkono mmoja.

"Wenzako wanashonea nguo. Wewe unatafunisha mawe."

"Huu ni utafiti."

"Utafiti. Na huyu mama nimwambie avae mkono mmoja mpaka utafiti uishe?"

Kauri ilikatika kabla sijamaliza kikombe cha chai. Alumina ilikwenda siku tano, nikikanyaga asubuhi na jioni, ikaonekana haitashindwa, halafu siku ya sita ikakatika bila onyo lolote. Zirkonia ilikwenda wiki tatu. Mkanda wa cherehani ulilika, nikaacha. Nilikitazama kijiti kile kwa lenzi, sikuona hata mstari. Siri yake naijua: ufa ukianza, chembe zilizo pembeni mwake huvimba na kuubana usisogee mbele. Niliandika matokeo yote katika daftari, kwa mistari iliyonyooka, na hadi leo nasema kulinganisha kule kulikuwa sahihi. Wapo wenye digrii ambao hawajawahi kufanya hata nusu yake.

Kufunga kipandikizi kwenye mfupa si kazi yangu. Ni kazi ya daktari wa meno, na nilimpata mmoja Mbeya, mstaafu mwenye mikono mizuri, aliyekubali kuja kwa basi. Tulipanga siku mwezi wa kumi na mbili.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mtu wa pwani angeliepuka kwa kutolijua.

Kipandikizi lazima kiuliwe vijidudu kwa mvuke. Maelekezo yalisema dakika ishirini katika sufuria ya presha. Lakini kila anayeishi Ufipa anajua kuwa huku juu maji huchemka mapema yakiwa hayajapata moto wa kutosha. Maharage yanayoiva kwa saa moja Dar es Salaam, kwetu yanakula mkaa nusu siku. Mgeni huchemsha kwa saa ya kwao na kula maharage yanayogonga. Nikajisemea kuwa walioandika maelekezo hawakuwa wamefika hapa. Dakika ishirini zao nikazifanya saa tatu, jiko la mkaa likiwaka vizuri, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa mbele ya sufuria kuchunga presha. Sikumwachia mtu.

Daktari hakufika. Basi lilikwama Tunduma kwa mvua. Vipandikizi vilikuwa vimeshafunguliwa mezani, kwa hiyo siku iliposogezwa, nilivichemsha tena saa tatu. Mwezi wa kwanza lori liliziba barabara karibu na Laela, daktari akageuza. Nikachemsha tena. Mwezi wa pili aliugua. Mwezi wa tatu daraja dogo lilizolewa. Kila mara dada alikuja tangu jana yake, akalala kwangu, akaamka bila kula kama daktari alivyoagiza, akakaa kwenye kiti akingoja mlio wa gari. Kila mara jioni alipanda lori akarudi Laela, kitenge mdomoni, kuwafundisha watoto wapya wa darasa la kwanza kwa mdomo uliokuwa wazi. Mara nyingine nilichemsha hata katikati ya mwezi, kwa usalama tu.

"Meno yangu yameiva?" aliniuliza mara ya nne.

"Yameiva kabisa."

"Usiyaunguze, mdogo wangu."

Daktari alifika mwezi wa nne. Alifunga vyote viwili kwa asubuhi moja, akaniambia, "Kijana, umejiandaa vizuri kuliko hospitali nyingi nilizofanyia kazi." Tuliacha mfupa ushike miezi minne. Mwezi wa nane nilivalisha meno yenyewe juu yake, nimeyatengeneza kwa rangi tatu zilizochanganywa, yenye umanjano kidogo shingoni kama meno ya dada ya zamani. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akasema, "Fa." Akasema tena, "Fa, fe, fi, fo, fu," mpaka mwisho, akafunika macho kwa mikono.

Miezi mitatu nilitembea mjini nikiwa mrefu. Sijui kuliandika vinginevyo.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu, dada aliingia chumbani kwangu akiwa amefumba mdomo. Alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na jino la kushoto na nusu ya kipandikizi, kimekatika shingoni.

"Ulikula nini?"

"Andazi."

"Andazi gumu?"

"Andazi, mdogo wangu. La chai. Nimeliuma, likatoka."

Nilikaa chini. Wiki tatu za kukanyaga cherehani, ndoo, jiwe la kusagia, na kitu kile kile kimekatwa na andazi. Nilikitazama kipande kwa lenzi. Uso wake, ambao niliukumbuka unateleza kama kioo, ulikuwa umekwaruzika, kama ukuta uliopakwa chokaa mbaya.

Nilikwenda kwenye simu ya posta, nikampigia mwalimu wangu wa kule Ulaya. Mtu yule hapendi maneno mengi. Alisikiliza, akauliza unene, akauliza mfupa, kisha akauliza nilivyoua vijidudu. Nikamweleza saa tatu. Akauliza mara ngapi. Nikahesabu vidoleni nikiwa ndani ya kile kibanda, nikamwambia.

"Vile vijiti vya majaribio," akasema, "ulivichemsha pia?"

Sikuvichemsha. Vijiti havikuhitaji usafi.

Akanieleza polepole. Zile chembe zinazovimba kuubana ufa, mvuke wa moto huziamsha kabla ya wakati. Zinavimba bila ufa wowote, kuanzia usoni kwenda ndani, saa baada ya saa, na kitu kinaanza kupasuka chenyewe. Alumina isingejali mvuke hata kwa mwezi mzima. Alisema ndiyo kwanza wao wenyewe wameanza kuliona jambo hili. Alisema hivyo ili anifariji.

Kwa hiyo nilikuwa nimepima kitu kimoja na kupandikiza kingine. Na kile cha kulia kilichemshwa katika sufuria ile ile, saa zile zile.

Niliporudi nilipaka wino wa kalamu shingoni mwa kipandikizi cha kulia, nikaufuta kwa pamba. Wino wote ulitoka isipokuwa mstari mmoja wa bluu, mwembamba kuliko unywele, ukizunguka nusu ya shingo.

"Nacho lazima kitoke," nikasema. "Leo."

"Mkaguzi anakuja Ijumaa."

"Dada, kitakatika."

"Kitakatika leo au Ijumaa?"

"Sijui."

"Basi wewe na mimi tuko sawa." Aliniangalia. "Ukikitoa leo, Ijumaa nitakuwa na nini?"

Hapo ndipo nilipotazama rafu zangu. Kila fundi wa meno wa kawaida, hata asiye na cheti, ana kopo la plastiki ya rangi ya waridi la kutengenezea meno ya kuvaa na kuvua. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Mimi sikuwa nalo. Nilikuwa na ubao nje. Niliagiza Mbeya jioni ile ile, na mwenye duka akaniambia mzigo utafika baada ya wiki, barabara ikiruhusu. Nilimtuma mtu mpaka Kasesya akaulize upande wa Zambia. Nilizunguka hospitali na zahanati nikiomba kopo, mimi, niliyewaambia watu wale wale usoni kuwa plastiki ni kazi ya wababaishaji. Mmoja alinijibu, "Mtaalamu, kwako si kauri tu?" Hakuwa na kopo. Angekuwa nalo ningepiga magoti.

Jumatano nilifanya kitu ambacho mikono yangu ilijua ni kibaya wakati inakifanya. Nililigandisha jino la kushoto kwenye lile la kulia kwa gundi ya kuzibia meno, mawili juu ya kipandikizi kimoja chenye ufa. Nikamwambia asiume kitu, asinywe chai ya moto, asiongee mpaka Ijumaa. Alikula uji wa ulezi kwa kijiko siku mbili.

Ijumaa nilikwenda naye Laela. Mwalimu mkuu alinipa kiti barazani, nje ya dirisha la darasa la kwanza. Nilikuwa na kisanduku changu magotini, gundi ndani, kana kwamba kingesaidia. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani na daftari, alikaa nyuma ya darasa. Dada alisimama mbele. Watoto walikuwa zaidi ya sabini, watatu watatu kwenye dawati.

Alianza na ba, be, bi. Nilijua kwa nini. Hizo hazihitaji meno. Akaenda ka, la, ma, na. Watoto walimfuata kwa sauti moja, safi, na mkaguzi akaandika kitu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilianza kupumua.

Mkaguzi akasema, "Mwalimu, turudi kwenye fa."

Dada alinyoosha kidole kwenye mdomo wake. "Semeni kama ninavyosema mimi."

"Fa," akasema. Ilitoka vizuri. Watoto wakasema.

"Fe." Vizuri.

"Fi," na nikasikia mlio ninaoujua, mdogo, kama wa njiti kuvunjwa. Meno yalianguka juu ya meza ya mbele, yakaviringika mpaka kwenye kitabu cha mtoto, yakakaa. Dada hakuinama kuyaokota. Sidhani kama alifikiri. Alikuwa mwalimu katikati ya mstari, na mstari ulikuwa haujaisha.

"Fo," akasema, na ikatoka hewa.

Watoto hawakucheka. Walikuwa wamemsikia akisema hivyo kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nane, na wote walimpenda. Midomo zaidi ya sabini ikafunguka, meno yao yote mazima, ikapuliza ile hewa kama alivyoipuliza yeye.

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Na 'fu'?" akawauliza watoto, kwa upole.

Wakapuliza tena.

Nilisimama, nikatazama upande wa barabara. Lori la mahindi lilikuwa limeegeshwa, watu wakipakia. Nilitaka kuingia nimweleze yule mama kuhusu mvuke, kuhusu chembe zinazovimba, kwamba kosa si la mwalimu, kwamba zirkonia ni nzuri kuliko zote na nilikuwa na daftari la kuonyesha. Nilifika mlangoni. Dada aliniona, akatikisa kichwa kidogo tu, akageukia ubao, akaandika "fo" kubwa, kwa chaki.

"Tazameni mkono wangu," akawaambia watoto. "Leo msisikilize. Tazameni tu."

Walitazama. Aliandika mpaka kengele ilipolia.

Kopo la plastiki lilifika Jumatano iliyofuata. Nilitengeneza meno yake kwa siku mbili, yakakaa vizuri, na anasema "fa" nayo kama mtu yeyote. Mwezi wa kwanza darasa la kwanza lilipewa kijana aliyetoka chuo. Dada hufundisha kilimo darasa la sita, na watoto wake wa mwaka ule walipofika mbele yake tena, miaka mitano baadaye, kujifunza matuta na mbolea, wapo ambao bado wanapuliza. Huwasahihisha mmoja mmoja, akiwa amewaita pembeni.